Nusu na Robo Zilizopotea Nordby

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Nimekaa nyumbani hapa Nordby tangu Mei na shahada yangu ya falsafa, na leo ndiyo mara ya kwanza shahada hiyo imepata kazi.

Kompyuta ya mama ni fedheha kwa ukoo. Inakaa kwenye meza ya kona ya jikoni, kati ya redio na kopo la unga, na mfumo endeshi wake ni wa mwaka ule niliokuwa darasa la sita. Kioo cheusi, herufi za kijani. Hakuna kipanya. Mtu anaiandikia amri, halafu anangoja kama anayengoja majibu ya serikali.

Nilimweleza mama, kwa utaratibu na kwa mifano, kwamba ulimwengu umesonga. Mama akasema mashine yake inafanya kazi, asante sana, na nisiiguse mpaka Ijumaa ya tarehe kumi na nne. Siku hiyo mchapaji anakuja kuchukua kitabu cha mapishi cha kanisa letu, na mama ndiye mwenyekiti wa kamati. Mapishi mia tatu na kumi na nane. Ameyapiga chapa peke yake kwa miezi kumi na minne. Kabla yake kamati ilikuwa mikononi mwa Ardis Tollefsrud kwa miaka kumi na tisa, na Ardis hajaacha kukaa mstari wa mbele akingoja mama, Marlys Bjerke, ateleze.

Nilijibu kwamba “inafanya kazi” si hoja. Mshumaa nao unafanya kazi. Mama akasema yeye anaupenda mshumaa, akavaa koti, akaenda kanisani kushona mablanketi.

Saa tatu na nusu hadi saa nane mchana: diski ishirini na mbili za mfumo mpya, moja baada ya nyingine. Ya kumi na saba ilikataa mara mbili. Nikaipangusa kwa kitambaa cha miwani, ikakubali. Subira ya msomi. Kisha mfumo ukaomba diski tupu, ya kuwashia mashine ikitokea dharura. Sikuwa na diski tupu. Katika droo ya mama palikuwa na moja yenye lebo ya wino mwekundu: MAPISHI, NAKALA. Nilitafakari. Nakala ni kivuli cha kitu, na kitu chenyewe kilikuwa salama ndani ya mashine. Nikaitumia.

Baada ya hapo niliyahamisha mapishi yote mia tatu na kumi na nane kwenye programu mpya ya kuandikia, na yale ya zamani nikayafuta. Siwezi kuvumilia uchafu.

Mama aliporudi alisimama mbele ya kioo kwa muda, koti likiwa bado mwilini. Nilimwonyesha jinsi herufi zinavyoweza kulazwa, kukolezwa, kupambwa. Akanyoosha kidole akaligusa jina la marehemu Verna Nygaard, lililoandikwa kwa herufi za kulala. Akasema ni zuri, Anders. Akasema samahani kwa maneno ya asubuhi. Baadaye nilimsikia kwenye simu akiwaambia watu watatu, mmoja wao Ardis, kwamba kijana wake amekiokoa kitabu.

Nalala nikiwa mtu mkubwa.

Jumanne, 4 Novemba

Si mtu mkubwa.

Nilikuwa nayapitia mapishi asubuhi nikiyafurahia, ndipo nikaona kwamba biskuti za tangawizi za Ardis zinahitaji “kikombe cha mafuta” na “kijiko cha magadi”. Kiasi gani? Nikafungua viazi vya kuoka vya mama. “Kijiko cha chumvi.” Nikafungua mapishi mengine kumi. Programu ya zamani ilikuwa na alama zake yenyewe za nusu, robo na theluthi. Mpya haizijui, na kwa kutozijua, imezimeza. Palipokuwa na vikombe viwili na nusu, sasa pana viwili. Palipokuwa na robo ya kijiko, pana kijiko, bila idadi. Namba nzima zimebaki kama mawe shambani. Mapishi mia tatu na kumi na nane, na hakuna nusu hata moja.

Nilitafuta yale ya zamani. Nimeyafuta. Nilitafuta diski ya nakala. Tazama jana.

Nikaendesha hadi kwa Duane Skaar, ambaye anatengeneza kompyuta katika chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya trekta. Tulisoma pamoja sekondari. Yeye hakwenda chuo, jambo ambalo sijawahi kulitumia dhidi yake isipokuwa katika mabishano. Wiki iliyopita alinionya kwamba mashine yenye kazi ya watu haiguswi kabla kazi haijatoka, nami nikamjibu kwamba hayo ni maoni ya fundi, si ya mtu mwenye nadharia.

Nilimwambia nina rafiki mjini St. Cloud. Nikamweleza msiba wa rafiki huyo. Duane akaendelea kukaza parafujo. Akasema kama rafiki amehifadhi faili za zamani, ni kazi ya dakika tano. Nikasema amezifuta. Akasema basi achukue diski ya nakala. Nikasema rafiki ameiandikia kitu kingine juu yake.

Hapo akaweka bisibisi chini.

“Mwambie pole huyo rafiki yako, profesa,” alisema. “Na mama yake mpe pole zaidi.”

Wanaume wawili waliokuja kununua mkanda wa trekta wakayatazama mabuti yao kwa heshima kubwa. Nilitoka na masikio yanayowaka. Nje palikuwa na baridi ya kugandisha pua, na masikio hayakupoa hadi nilipofika nyumbani.

Mambo haya yangevumilika kama si pishi namba mia mbili na sita. Mkate wa iliki wa Verna Nygaard. Kila Krismasi kwa miaka hamsini Verna aliuleta kanisani, na hakuwahi kumpa mtu vipimo, wala hakupima mbele ya mtu, wala hakumruhusu mumewe kuingia jikoni unga ukiwa mezani. Mwezi wa Aprili, siku nne kabla hajafa, alimwita mama hospitalini akamtajia kila kitu. Mama aliandika nyuma ya orodha ya vyakula vya wagonjwa. Akarudi, akapiga chapa, na karatasi yenyewe, kwa ombi la Bwana Orville Nygaard, ikawekwa mfukoni mwa gauni la Verna, ikazikwa naye.

Bwana Nygaard ana miaka themanini na minane. Kila Jumapili humuuliza mama kitabu kimefikia wapi.

Jumatano, 5 Novemba

Nilidhamiria kukiri wakati wa kifungua kinywa. Mama akanikatiza kwa kuniwekea yai la pili, na akasema kwamba Ardis, kwenye simu, alinyamaza muda mrefu aliposikia habari za herufi za kulala. Mama alilitamka neno “alinyamaza” kama mtu anayetafuna kitu kitamu.

Haiwezekani kukiri mbele ya uso wa namna ile. Nimesoma sana juu ya ujasiri. Hakuna aliyeandika juu ya yai la pili.

Kwa hiyo nimeamua kuzirudisha nusu kwa njia ya akili. Wagiriki wa kale walishaonyesha kwamba kilicho bora kimo katikati ya kidogo mno na kingi mno. Kanuni yangu ni hii: kipimo kisicho na idadi kiwe nusu. Kipimo chenye idadi, kama ni kikavu, kiongezewe robo; kama ni majimaji, kiongezewe nusu. Ina ulinganifu. Niliitumia kwa mapishi yote bila upendeleo, pamoja na yale ambayo hayakuwa yamepoteza chochote, kwa sababu sikuwa na njia ya kuyatambua.

Saa sita mchana mama aliuliza juu ya mayai matatu na nusu katika keki ya Gladys wa kanisani. Nikasema huenda ni mtindo wa zamani. Akasema Gladys ana miaka arobaini na moja. Nikayarekebisha mayai.

Jioni wanawake wa kamati walikuja kuchukua karatasi za mapishi nilizochapa. Kwa desturi ya kanisa letu kitabu hakichapwi mpaka kila pishi lipikwe na mtu asiye mwenyewe na kuonjwa hadharani, nami desturi hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilijifungia chooni. Kupitia ukuta nikamsikia Ardis akisema herufi ni za kupendeza, kwa sauti ya mtu anayeng’olewa jino.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo msimu wa kuwinda kulungu umefunguliwa. Wanaume wote wako msituni wamevaa rangi ya chungwa ili wasipigane risasi. Mimi siwindi, nilitoa hoja dhidi yake nikiwa mwaka wa pili, na baba hajanialika tena. Kwa hiyo nimebaki mjini na wanawake, na wanawake wanapika kutoka karatasi zangu.

Mama amepewa biskuti za tangawizi za Ardis. Zilipoingia katika tanuri zilikuwa ishirini na nne. Zilipotoka ilikuwa moja, na ilikuwa inashuka kutoka kwenye sinia kuelekea sakafuni.

Mama hakupaza sauti. Alikaa, akafuta miwani. Akasema siku zote alishuku kwamba Ardis huwapa watu pishi lenye kasoro ili za kwake zibaki bora, lakini hakudhani angefanya hivyo katika kitabu cha Bwana, na katika mwaka wa uenyekiti wake. Nikasema labda ni tanuri. Akasema tanuri hii imenilea hadi nilipofika nilipo, nisiisingizie.

Alioka tena. Vilevile. Mimi nilikuwa napiga deki.

Jumapili, 9 Novemba

Siku ya kuonja. Chumba cha chini cha kanisa, baada ya ibada, meza sita ndefu, kahawa katika birika lile kubwa. Sijawahi kuona aibu ikiwa imepangwa kwenye sinia.

Hakuna aliyelalamika. Ingekuwa heri wangelalamika. Sisi hatufanyi hivyo. Mchungaji Lindahl alikula kijiko cha viazi vya mama, vilivyopikwa na Ardis kwa kanuni yangu, akanywa maji, akasema ni tofauti. Katika kanisa letu hakuna neno kali kuliko hilo. Nilihesabu: neno “tofauti” lilitamkwa mara kumi na nne kabla ya saa saba. Gladys alisema keki yake ni tofauti sana, akaenda kusimama dirishani.

Niligundua polepole kinachotokea, na moyo ukashuka hadi kwenye soksi. Kila mwanamke alionja pishi lake mwenyewe likiwa limeharibika, na akamtazama aliyelipika. Kila mpishi naye alikuwa na hakika kwamba amepewa kipimo cha hila. Wote walitabasamu. Wote walimiminiana kahawa. Na nilipotazama, Ardis na mama, waliokaa meza moja tangu kabla sijazaliwa, kila mmoja alikuwa mwisho wake wa chumba, na katikati yao viti vitupu sita.

Nilikula vipande vitatu vya kila kitu. Ndiyo adhabu pekee niliyoweza kujipa bila kuulizwa sababu.

Kisha akaja Bwana Nygaard. Alivaa tai. Alibeba mkate umefungwa kwa taulo safi. Aliukanda na kuusuka mwenyewe, kwa kufuata karatasi, na alikuwa hajawasha tanuri ya nyumbani kwake tangu Aprili. Watu wakampisha. Alikata kipande, akatafuna kwa muda mrefu akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayejaribu kusikia redio ya chumba cha pili. Kipande kilichobaki akakifunga katika leso, akakitia mfukoni.

“Ni tofauti kidogo, Marlys,” alimwambia mama. “Labda ni mimi tu.”

Nilikuwa nyuma yake nimeshika sahani ya jeli ya kijani. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa matano tu: si wewe, mzee, ni mimi. Nikaomba radhi nikaenda kuangalia birika.

Jumatatu, 10 Novemba

Mama anaandika barua ya kujiuzulu. Kwa kalamu, si kwa mashine. Anasema si kwa ajili ya Ardis; Ardis anavumilika. Ni kwa ajili ya mkate. Anasema siku ile hospitalini alikuwa analia huku akiandika, na pengine alisikia vibaya, na Verna hayupo wa kuulizwa.

“Alinipa kitu kimoja tu nimshikie,” alisema. “Kimoja.”

Nikasema angoje siku mbili. Akaniuliza kwa nini. Nikasema maamuzi makubwa hayafai kufanywa siku ya Jumatatu. Akaikunja barua, akaiweka chini ya kopo la unga.

Nina mpango.

Jumanne, 11 Novemba

Mpango ulikuwa hivi. Kuanzia saa tatu asubuhi, mama akiwa kwa daktari wa meno, nilipiga simu kwa wanawake wa kanisa mmoja mmoja, nikijitambulisha kama mtafiti wa Taasisi ya Vipimo vya Nyumbani ya St. Paul, taasisi ambayo haipo lakini ingepaswa kuwepo. Nilibana pua kidogo. Nikaeleza kwamba tunakusanya takwimu za mapishi ya mkoa, na kwamba tunahitaji vipimo kamili, hasa sehemu zisizo kamili.

Walinipa kila kitu. Walikuwa wakarimu kiasi cha kuniumiza. Gladys alinisomea kadi kumi na moja za mapishi kwa simu huku mtoto akilia. Mama Pedersen, mwenye miaka tisini, alitaka kujua kama St. Paul kuna theluji. Ardis alinipa vipimo arobaini na viwili, polepole, akirudia kila robo mara mbili, akaningoja niandike. Mwishoni akasema:

“Haya, Anders. Msalimie mama yako. Na iachie pua yako, utapata mafua.”

Nilikata simu. Nikakaa sakafuni kati ya friji na mlango kwa muda usiojulikana.

Walakini, mpango haukushindwa. Kufikia jioni nilikuwa na mapishi mia tatu na kumi na saba yaliyokamilika, yamesahihishwa, yamelazwa herufi. Limebaki moja. Hakuna namba ya simu ya kumpigia Verna.

Niliwaza kutumia kanuni tena. Nakiri hapa, mahali pasiposomwa na mtu, kwamba niliwaza.

Jumatano, 12 Novemba

Nilikwenda kwa Bwana Nygaard. Theluji ya kwanza ya maana. Njia yake alikuwa ameshaikwangua mwenyewe hadi barabarani. Alinikaribisha kahawa. Nikakataa. Akanikaribisha tena, nikakataa. Mara ya tatu nikakubali, kama inavyopasa, na nikajichukia kwa kufuata adabu katika saa kama ile.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo yenye sehemu tatu. Utangulizi ulihusu historia ya mifumo endeshi. Nilifika kwenye diski ya kumi na saba, nikaona mkate wa Jumapili juu ya kaunta, haujaliwa zaidi, umefunikwa kwa bakuli la kioo kama mgonjwa. Sehemu mbili zilizobaki zikanitoka kichwani. Nikasema nilizipoteza nusu zote za mkewe kwa kiburi, kisha nikatunga za kwangu, kisha nikamwacha adhani kosa ni lake.

Alikuwa anatazama ndege kwenye kibanda cha mbegu dirishani. Walikuwa watatu. Mmoja akaruka. Wawili waliobaki wakamfuata.

“Kumbe si mimi,” alisema.

Nikasema si wewe.

“Siku tatu nimekaa hapa nikidhani nimeshamsahau,” alisema. “Nilisema, basi, hata mdomo umeshamsahau.” Akaketi. Akafuta uso kwa taulo la vyombo, kwa nguvu, kama anayefuta sufuria. Kisha akaniambia kwamba mimi ni mjinga, na kwamba amewahi kujua wajinga wenye shahada na wasio na shahada, na wenye shahada huchukua muda mrefu zaidi kufika kwenye jambo lenyewe. Sikubisha. Naliandika hili kwa sababu ni nadra.

“Sasa nawa mikono,” akasema.

Verna hakumruhusu jikoni, lakini kwa miaka hamsini alikaa upande wa pili wa mlango ule, na anajua mambo ambayo hakuna aliyemtajia. Anajua unga ukikandwa unapaswa kulia vipi juu ya meza. Anajua iliki inapaswa kufika sebuleni wakati gani. Mkate wa kwanza: akatikisa kichwa. Wa pili: maziwa yalizidi. Wa tatu ulikuwa tofauti. Wa nne: akasema, mh, Verna alikuwa anapita njia hii. Giza la saa kumi na moja lilitukuta tukiwa weupe kwa unga hadi kwenye nyusi, na akaniambia nije kesho saa moja, nisichelewe kama wasomi.

Alhamisi, 13 Novemba

Mkate wa saba.

Tuliutoa ukiwa unafuka mvuke. Alikata pembe, akapaka siagi, akaitia mdomoni. Akavaa koti, akatoka hadi kwenye banda, na kupitia dirishani nikamwona amesimama akilitazama koleo la theluji, bila kulishika, kwa muda wa kutosha kahawa kupoa. Aliporudi alichukua bahasha ya mbegu za maharagwe, akaandika nyuma yake kwa penseli, kipimo baada ya kipimo. Akanipa.

“Mpelekee mama yako,” alisema. “Mwambie alisikia vizuri.”

Vipimo sitaviandika humu. Daftari hili ni la mawazo, si la jikoni.

Nilimkuta mama anakatakata kitunguu. Nikakiri kila kitu, na safari hii bila utangulizi. Aliendelea kukata. Akasema alijua tangu Jumanne. Ardis alimpigia simu mara tu alipomaliza kunisomea vipimo, na Gladys baada yake, na Mama Pedersen baada ya Gladys, aliyetaka kujua kama nimehamia St. Paul. Yeye na Ardis walicheka hadi Ardis akalazimika kuweka simu chini. Viti sita vimerudi kukaliwa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

“Nilikuwa nakungoja,” alisema. “Nikajisemea, mwanangu atakuja mwenyewe. Jumanne ikapita. Jumatano nikaona umetoka na gari mapema, nikasema, hapo sasa.” Akafuta macho kwa mkono wa blauzi, akasema ni kitunguu. “Afadhali ulikwenda kwa Orville kwanza. Lakini mimi nilikuwa karibu zaidi, Anders. Nilikuwa hapa hapa.”

Nikachukua kitunguu cha pili, nikakimenya.

Aliinua kopo la unga, akaitoa barua yake, akaichana vipande vinne. Kisha akanipa masharti mawili. Kwanza, Jumapili nitasimama katika chumba cha chini cha kanisa na kuwaeleza wote, kwa sentensi moja. Nimeuliza kama inaweza kuwa sentensi ndefu. Hapana. Pili, usiku huu huu au kesho asubuhi nipige chapa karatasi zote na kuziweka mezani, kwa sababu karatasi haibadilishi mfumo.

Duane naye alipiga simu. Habari zimemfikia, bila shaka kupitia wake za wale wawili wa mkanda wa trekta. Alisema anaweza kupita asubuhi na kutoa nakala, bure, dakika kumi tu, profesa. Nilimshukuru nikamwambia mambo yamedhibitiwa. Sauti yangu ilikuwa ya unyenyekevu. Naamini nimebadilika kabisa.

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi tulivu. Mama yuko kanisani na Ardis, wanapanga meza pamoja. Bwana Nygaard atakuja saa sita; amesema anataka kuwepo mchapaji atakapokibeba kitabu, na atavaa tai.

Saa mbili niliingiza vipimo vya Verna katika pishi namba mia mbili na sita. Nilivisoma mara tatu nikilinganisha na bahasha. Sahihi kabisa. Nikaikoleza mistari, nikayalaza majina. Kisha nikaitia bahasha katika jiko la kuni. Si kwa ubaya. Jambo moja likiandikwa mahali pawili, siku moja pawili hapo patahitilafiana, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Chanzo kiwe kimoja. Hilo ndilo funzo lote la wiki hii, na nashangaa hakuna mwingine aliyeliona.

Nilikuwa karibu kuwasha printa. Lakini ndani ya gazeti la kompyuta lililofika jana kwa posta mna diski, na juu ya diski imeandikwa kwamba toleo jipya la programu ya kuandikia linasahihisha kasoro mbalimbali za alama, zikiwemo nusu na robo. Kasoro ile ile. Wamekiri wenyewe. Ingekuwa ni kuwadharau akina mama kuchapa kitabu chao kwa toleo lenye kasoro iliyokwisha kukiriwa, hali dawa iko mkononi mwangu.

Mashine inauliza kama nina nakala ya kazi yangu. Nimejibu kwamba ninayo, maana kazi yenyewe inaonekana pale kwenye kioo.

Sasa ni saa nne na robo. Inasema dakika ishirini, na inauliza kama niendelee. Nimebonyeza Ndiyo.